Sufuria ya Sombe Kichwani: Mwalimu Anajibu Barua

Toleo lililopita niliwasimulia komedi mbili za zamani za Walt Disney ambazo jirani aliniletea kwenye flashi. Kwa aliyelikosa: ya kwanza ni The Misadventures of Merlin Jones ya 1964, ya pili The Monkey's Uncle ya 1965, na zote mbili ziliongozwa na Robert Stevenson, yule yule wa Mary Poppins. Merlin Jones, aliyeigizwa na Tommy Kirk, ni mwanafunzi wa chuo mwenye akili zinazomwagika kama maziwa yaliyochemka. Anavaa kofia iliyojaa nyaya, inatokea ajali kidogo, na tangu hapo anasikia mawazo ya watu. Kuna Jennifer mchumba wake, ambaye ni Annette Funicello, kuna jaji mmoja mwenye sura nzito, na kuna sokwe mtu aitwaye Stanley. Katika filamu ya pili Merlin anafundisha watu wakiwa usingizini, tena anaunda ndege ya kukanyaga pedeli. Ni mambo ya kucheka na watoto Jumapili baada ya bukari, basi. Nilidhani nitapata barua mbili au tatu. Zimejaza kapu la mkate, na bibi yangu anauliza mkate autie wapi.

*

Jambo Mwalimu, salamu na kwa mama wa nyumbani. Mimi ni mama wa mapasa (mapacha), niko Katuba, hapa Lubumbashi. Maneno haya umeyaleta wewe, utayamaliza wewe. Watoto walisoma gazeti lako, wakaitafuta ile filamu, tukaitazama wote, na mimi nilicheka, siwezi kusema uongo. Kesho yake Mbuyi wangu, aliye mwaka wa pili politekniki, alichukua sufuria yangu ya sombe, ile niliyopewa na mama mkwe, akaitoboa matundu manane kwa msumari wa moto. Akapitisha nyaya za redio ya baba yake. Anataka kusikia mawazo ya Kabange, dada yake, eti mapasa mawazo yao yanapitana. Kabange akakataa, maana alikuwa ametoka kusuka. Wiki iliyofuata Mbuyi akaiacha sufuria, sasa analaza simu chini ya mto imsomee masomo usiku kucha. Yeye analala fofofo. Anayesikiliza ni kambo wao, mama wa baba yao, ambaye usingizi wake ni haba. Asubuhi anapepea mbabula huku anaimba "U ni sawa na R mara I". Majirani wanauliza kama tumeingia dini mpya. Mwalimu, mtoto huyu ana akili au anaharibika? Mambo haya yanawezekana? Na sufuria yangu atalipa nani?
Mama Mapasa, Katuba

Mama, sufuria kwanza, maana naona ndiyo inayouma. Atalipa Mbuyi. Mtoto anayejua kupitisha nyaya nane bila kugusanisha hata mbili anaweza kutengeneza redio za mtaa mzima. Atengeneze tatu, fedha ikuletee sufuria mpya. Ile yenye matundu usiitupe, inafaa kuchujia maharagwe.

Sasa lile wazo la mapasa. Usilicheke haraka, kwa sababu kifaa ambacho Mbuyi alikuwa anakitafuta kilizaliwa hivyo hivyo, kwa kaka na dada. Mwaka 1893 kijana mmoja Mjerumani, Hans Berger, alikuwa jeshini. Katika mazoezi farasi wake alimwangusha, na gurudumu la mzinga likasimama karibu kabisa na kichwa chake. Jioni ile ile akapata telegramu ya baba yake ikiuliza kama yu mzima. Dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameshikwa na hofu ghafla, akawaambia wa nyumbani kwamba Hans yuko hatarini. Berger hakulisahau jambo hilo. Alisomea udaktari, akawa bingwa wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, na miaka mingi alikuwa anafukuzia kitu kimoja: ni nini kilichotoka kichwani mwake kikamfikia dada yake?

Mwaka 1924 alifanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa mtu kwa mguso, yaani kipande kinachopokea umeme kichwani. Alikaa na habari hiyo miaka mitano, akaichapisha 1929. Mmoja wa watu aliowafunga nyaya mara nyingi alikuwa mwanawe mwenyewe, Klaus. Unaona basi, Mama: kule baba alimpata mwana wa kumfunga nyaya, huku Mbuyi amekosa hata dada.

Na Berger alipata nini? Hakupata wazo hata moja. Alipata mawimbi. Mtu akifumba macho na kutulia, mstari unapanda na kushuka karibu mara kumi kwa sekunde, na akifumbua macho mawimbi yale yanafifia. Hakuna neno ndani yake, hakuna "nina njaa", hakuna "namchukia mwalimu wa hesabu". Hadi leo kifaa hicho kinawasaidia madaktari kumchunguza mgonjwa wa kifafa. (Na nikiwa hapo hapo: kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Anayekuuzia hirizi kwa ajili yake anakula fedha yako bure.)

Mwambie Mbuyi apige hesabu hii. Umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni kama mikrovolti hamsini, yaani volti moja uikate vipande milioni, uchukue hamsini tu. Betri moja ndogo ya redio ina volti moja na nusu. Agawanye: betri inauzidi ubongo mara elfu thelathini. Kwa nyaya za redio na sufuria ya sombe, atakachosikia ni redio ya jirani.

Halafu kuna Kabange, ambaye nampa heko. Mguso lazima ukae kwenye ngozi yenyewe. Hospitalini hutenganisha nywele na kupaka dawa nzito kama mafuta ya mgando ili umeme upite. Juu ya nywele zilizosukwa na kukazwa, haupati kitu. Msusi wa Katuba amemshinda mhandisi kabla kazi haijaanza.

Lakini hata sufuria ingefanya kazi, Mama, ungetaka? Kumbuka yule jaji wa filamuni. Merlin anasikia mawazo yake, mzee mwenye heshima zake, na kichwani anapanga uhalifu! Kijana anatetemeka. Kumbe jaji anaandika riwaya za wezi kwa siri, ndizo alizokuwa anazitunga. Merlin alisikia sawasawa, akaelewa kombo. Fikiri wewe unavaa sufuria na kumsikia mama mkwe akiwaza "huyu leo namkata shingo", unakimbilia polisi, kumbe ni jogoo wa Jumapili.

Jambo moja tu ndilo linalonifanya nisicheke. Kitu chochote kinachogusa kichwa cha mtu kisiunganishwe na priza, hata kwa dakika moja, hata kama umeme "haupo": unarudi usipoutazamia. Betri tu. Nalisema kwa sababu nina deni. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kule Kamalondo, nilitaka kumkomesha paka aliyekuwa anakula kapenta zetu zilizoanikwa. Nikazungushia waya, nikaupeleka kwenye priza. Paka hakuja. Alikuja shangazi kugeuza kapenta. Namshukuru Mungu alikuwa amevaa sapato za mpira, alirushwa tu na kukaa chini. Fimbo nilizopata sizihesabu. Ila shangazi yangu aliishi miaka mingine ishirini, na miaka yote hiyo hakunipa mkono tena. Tukikutana alininyooshea ncha ya kitenge, niishike, ndiyo salamu yetu. Hata siku ya harusi yangu.

Kuhusu simu chini ya mto. Miaka ya 1950 watu waliamini sana kwamba mtu anaweza kujifunza akiwa amelala, na mashine zake ziliuzwa. Ndipo Wamarekani wawili, Charles Simon na William Emmons, walipowalaza watu na kuwasomea maswali na majibu usiku, huku wanatazama mawimbi ya ubongo kwa kile kile kifaa cha Berger, wajue nani kalala kweli na nani anajifanya. Waliolala kweli kweli waliamka bila kitu. Waliokumbuka chochote walikuwa nusu macho. Kwa maneno mengine, kambo wenu amerudia jaribio lao hapo Katuba na amepata jibu lile lile: mwenye usingizi hakupata kitu, mwenye macho amepata kanuni ya Ohm, ile ya umeme anayoiimba.

Si kwamba usingizi hauna kazi. Kichwa kinahifadhi vizuri kile ulichosoma mchana ukikipa usiku wa kutosha. Kwa hiyo Mbuyi asome hadi saa tatu, azime simu, alale. Naye kambo, kama bado anapenda, mwulizeni sasa hiyo I ya wimbo wake inapimwa kwa kipimo gani. Akisema "ampere", mwandikeni politekniki.

Uliuliza kama mtoto ana akili au anaharibika. Sijui kwa nini yawe mawili. Anaharibu sufuria, na ana akili. Mimi ningeogopa kama angekuwa ametoboa matundu manane halafu asijue kwa nini ni manane. Mwulize hilo, Mama, jioni moja mkiwa mmetulia. Akikujibu kwa dakika tano bila kupumua, mnunulie kipima-umeme cha bei ndogo, kile mafundi wa soko wanakiita multimetra. Kisha umfungie kabati la vyombo.

*

Mwalimu, sisi ni wanafunzi wanne wa Kasapa. Ile ndege ya pedeli, ni uongo wa sinema au inaruka? Baba mdogo wangu ana baiskeli ya kubebea makala ya kupikia, imara sana, ametuahidi kutuazima wakati wa likizo.
Wanne wa Kasapa

Inaruka. Na wa kwanza kuijenga hadi ikaruka walikuwa vijana kama ninyi: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, tarehe 9 Novemba 1961, miaka minne kabla ya filamu. Iliitwa SUMPAC, na ilienda karibu mita 64, yaani haizidi sana nusu ya kiwanja cha mpira.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Paul MacCready, Mmarekani. Alikuwa amemdhamini mtu mkopo, biashara ikaanguka, deni likamrudia yeye, karibu dola laki moja. Nani kati yetu hajui maumivu hayo? Siku moja akakumbuka kwamba kuna tuzo ya Kremer huko Uingereza, pauni elfu hamsini kwa ndege ya nguvu za mtu itakayozunguka nguzo mbili kwa umbo la nane. Akabadilisha pauni kwa dola kichwani: inakaribia deni lake! Wengine walikuwa wanajenga ndege nzuri, zinapoanguka wanakaa miezi wanazitengeneza. Yeye akajenga ya mabomba membamba ya aluminiamu, nyuzi za chuma na karatasi ya plastiki, mbaya kwa macho, ikianguka asubuhi, kesho inaruka tena. Tarehe 23 Agosti 1977 mwendesha baiskeli Bryan Allen aliikanyaga hadi mwisho, na tuzo ikapatikana. Miaka miwili baadaye, 12 Juni 1979, Allen huyo huyo akiwa na ndege nyingine ya MacCready alivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa, kama kilomita 36, akikanyaga saa mbili na dakika 49.

Ile ya 1977 ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na mabawa marefu ya karibu mita 29. Sasa tazameni baiskeli ya baba mdogo. Mnaijua ile, imeongezwa vyuma, kiti cha nyuma kimechomelewa kama kitanda. Hiyo peke yake imemaliza kilo zenu zote. Tena Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika.

Kwa upande mwingine, ndege ile inahitaji mtu anayetoa karibu robo kilowati kwa miguu yake, bila kupumzika. Mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku atatoa hiyo kwa dakika mbili. Baba mdogo anayetoka porini alfajiri na magunia ya makala, akipanda vilima na kufika mjini kabla jua halijawa kali, ndiye injini. Mchukueni baba mdogo, baiskeli muiache.

Anzeni na bawa moja la mfano, urefu wa mkono. Na msirukie juu ya paa la oditwari, ule ukumbi wenu wa masomo. Hata ile ya tuzo ilitakiwa kupita juu ya kamba ya mita tatu tu.

*

Mwalimu, unatuletea vichekesho vya Wazungu vya miaka sitini iliyopita. Sisi hatuna vya kwetu?
Mzee wa mtaa wa Kenia, Lubumbashi

Mukubwa, umenishika. Wewe na mimi tulikaa mbele ya televisheni ya jirani, watu thelathini kwenye lupango mmoja, tukimtazama mchekeshaji wetu Mufwankolo na kundi lake, Kiswahili chetu kile kile cha Lubumbashi, bwana na bibi wanagombana juu ya mshahara, mtoto mkaidi, mjomba anayekuja "siku mbili" na kukaa mwaka. Hakuna kofia ya nyaya iliyonichekesha kama uso wake. Ila nikumbuke vizuri: mwanafunzi mwenye kuunda vitu sikumwona humo. Kijana wa chuo katika vichekesho vyetu ni yule anayerudi likizo na Kifaransa kingi, akiombwa kupasua kuni anasema mikono yake ni ya kalamu. Kama kuna anayeandika michezo anasoma hapa, Mama Mapasa amekwisha kumpa sehemu ya kwanza bure, pamoja na kambo.

*

Jambo Mwalimu. Mimi nina miaka 10, niko Kamalondo. Nataka sokwe mtu kama Stanley nimfundishe kazi. Papa amesema nikuulize wewe. Sasa hivi nina kuku mmoja.

Mwanangu, papa wako ni mtu mwerevu, amenitupia mimi mzigo.

Sokwe mtu mdogo anapouzwa, jua mama yake ameuawa, kwa sababu hakuna mama sokwe anayemwachia mtu mtoto wake. Kumfuga ni kosa katika sheria ya nchi yetu. Tena Stanley wa filamu alikuwa mdogo bado. Akikua anakuwa na nguvu zinazompita papa wako, na siku akikasirika haulizi nani ni rafiki.

Hapa hapa Lubumbashi kuna kituo kinaitwa J.A.C.K., kilichoanzishwa 2006. Kinawalea sokwe mtu walionyang'anywa mikononi mwa wauzaji. Wengi walifika wadogo sana, wembamba, wakawa wananyonyeshwa kwa chupa. Mwambie papa akusomee habari zake.

Katika filamu, Merlin analazwa usingizi wa kiini-macho, anaambiwa akaibe, anakwenda na kumwiba Stanley. Tulicheka. Lakini Septemba 2022 watu waliingia usiku katika kituo hicho, wakaiba watoto watatu wa sokwe mtu, wakadai fedha ili wawarudishe. Nilikuwa naikumbuka habari hiyo nilipofika kwenye kipande hicho cha filamu, nikakisimamisha. Watoto wa jirani walinipigia kelele, nikaendelea, ila sikucheka tena mpaka yule jaji aliporudi.

Sasa tuje kwa kuku wako, kuku si mjinga unavyodhani. Chukua kijiko na sani ya bati. Kila jioni, kabla ya kumpa mahindi, piga sani mara tatu, hesabu mpaka tano, ndipo umwage. Fanya vile vile kila siku, saa ile ile, usiruke hata siku moja. Kila siku andika kwenye daftari: alikuwa wapi ulipopiga, na alikuja kabla ya mahindi au baada. Siku moja atakuja mbio kwa mlio tu. Niandikie ilikuwa siku ya ngapi, na jina lake, maana hukunitajia.

Na hiyo sani uiombe kwanza.